Paul Mantz: Rubani wa Filamu Aliyeanzisha Makumbusho ya Ndege Ambayo Leo Hayapo

Maelfu ya abiria hupita kila siku katika Uwanja wa Ndege wa John Wayne, uliopo Kaunti ya Orange kusini mwa California nchini Marekani. Wengi wao hawajui kuwa katika eneo hilo, kuanzia mwaka 1963 hadi mwaka 1985, palikuwa na makumbusho ya ndege za zamani yaliyoitwa Movieland of the Air. Humo zilihifadhiwa ndege za kivita za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ndege za mashindano na ndege zilizotumika katika filamu zilizotazamwa duniani kote. Watoto waliokwenda kuzitazama wakiwa wameshikwa mikono na wazazi wao sasa ni watu wazima. Makumbusho hayapo tena, na ndege zake zimetawanyika katika majimbo na nchi mbalimbali.

Historia ya makumbusho hayo haiwezi kutenganishwa na maisha ya mmoja wa waasisi wake wawili, Albert Paul Mantz, aliyefariki dunia mwaka 1965 akiwa kazini. Mantz alikuwa rubani mashuhuri kuliko wote walioruka kwa ajili ya kamera za Hollywood katika zama zake. Kwa miaka zaidi ya 30 aliifanya kazi ambayo wengi waliiona kuwa ni ya kucheza na kifo, naye akasisitiza kuwa ni kazi ya vipimo, mazoezi na hesabu.

Kijana aliyependa anga

Mantz alizaliwa Agosti 2, 1903 katika mji wa Alameda, California, na kukulia Redwood City, kusini mwa San Francisco. Alizaliwa miezi michache tu kabla ndugu wawili wa familia ya Wright hawajaruka kwa ndege yao ya injini huko Kitty Hawk, hivyo yeye na usafiri wa anga walikua pamoja. Akiwa bado mtoto alijitengenezea mabawa ya turubai, akapanda juu ya mti uliokuwa nyumbani kwao na kujiandaa kuruka. Mama yake alimuwahi kabla hajaachia tawi.

Alipofikisha umri wa miaka 16 alianza kujifunza urubani. Fedha za kulipia masomo hayo alizipata kwa kuendesha gari la kubebea maiti wakati wa janga la homa ya mafua lililoikumba dunia baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kijana huyo alikuwa akizika watu mchana na kuota mawingu usiku. Alikwisha kusanya saa kadhaa za kuruka pale alipomshuhudia mwalimu wake akifa katika ajali ya ndege. Tukio hilo lilimshtua kiasi kwamba aliacha kabisa kuruka kwa kipindi kirefu.

Hata hivyo, mapenzi yake kwa anga hayakufa. Aliporejea aliamua kupata mafunzo kamili, na njia aliyoichagua ilikuwa ni jeshi. Sharti la kujiunga lilikuwa ni kuwa na elimu ya chuo ya angalau miaka miwili, elimu ambayo Mantz hakuwa nayo. Husimuliwa kuwa alipata karatasi zenye nembo ya Chuo Kikuu cha Stanford na kujiandikia mwenyewe sifa alizozikosa. Kwa vyovyote vile, alipokelewa katika kituo cha mafunzo cha March Field na kuonekana kuwa mwanafunzi mwenye kipaji kikubwa.

Kipaji hicho nusura kimponze moja kwa moja. Muda mfupi kabla ya mahafali yake, akiwa peke yake angani juu ya bonde la Coachella, aliliona treni likipanda taratibu kutoka Indio. Aliishusha ndege hadi karibu na reli na kulikabili treni uso kwa uso huku dereva akipiga honi mfululizo, kisha akaipandisha ndege katika dakika ya mwisho na kuondoka kwa mbwembwe. Asichokijua ni kwamba ndani ya treni hilo walikuwamo maofisa wakuu wa jeshi waliokuwa safarini kwenda kuhudhuria mahafali hayo hayo. Mantz alifukuzwa jeshini bila kuvaa mabawa ya urubani aliyoyafanyia kazi.

Kutoka uwanjani hadi kwenye kamera

Baada ya kufukuzwa aliingia katika urubani wa kibiashara, akisafirisha abiria na kushiriki maonesho ya anga. Julai 6, 1930, katika uzinduzi wa uwanja wa ndege wa San Mateo, aliizungusha ndege yake ndogo mara 46 mfululizo katika miduara ya nje. Katika mchezo huo kichwa cha rubani huelekea nje ya duara, damu ikisukumwa kichwani kila ndege inapopita chini, na si kila mwili unaoweza kuhimili hata mizunguko michache. Rekodi hiyo ilidumu kwa karibu miaka 50.

Wakati huo viwanda vya filamu vya Hollywood vilikuwa na njaa ya ndege. Filamu za anga zilivuta watazamaji wengi, lakini ziligharimu maisha ya marubani waliolipwa kiasi kidogo kwa kuangusha ndege mbele ya kamera. Marubani waliokuwa ndani ya kazi hiyo walikuwa na umoja wao, na haikuwa rahisi kwa mgeni kuingia. Mantz alipata nafasi ya kujitambulisha katika filamu ya Air Mail iliyoongozwa na John Ford mwaka 1932. Katika mji wa Bishop, California, alitakiwa kuipitisha ndege ndani ya banda la ndege, aingie upande mmoja na kutokea upande wa pili. Kila upande wa bawa ulibakiwa na nafasi isiyozidi mita moja na nusu. Aliifanya kazi hiyo kwa malipo ya Dola za Marekani 100.

Kilichomtofautisha na wengine kilikuwa ni maandalizi. Hakupenda kuitwa rubani wa michezo ya hatari, bali alijitambulisha kama rubani wa usahihi. Alipima umbali, alikagua upepo, alizungumza na wapiga picha kuhusu mahali kamera itakapokaa, na alikataa kuruka pale hesabu zilipogoma. Alianzisha kampuni yake, United Air Services, katika uwanja wa Burbank, akakodisha ndege kwa viwanda vya filamu na kusafirisha wasanii maarufu wa wakati huo. Walioongoza na kuigiza filamu walijua kuwa wakimpata Mantz wataipata picha waliyoitaka, na rubani atarudi salama.

Safari ya Amelia Earhart

Katika miaka ya 1930 Mantz alikuwa mshauri wa kiufundi wa Amelia Earhart, mwanamke rubani aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote duniani. Alimfundisha namna ya kuimudu ndege ya injini mbili aina ya Lockheed Electra na kumsaidia kuandaa safari ya kuizunguka dunia kufuata mkanda wa Ikweta. Machi 1937 alisafiri naye kutoka Oakland hadi Honolulu, katika hatua ya kwanza ya jaribio hilo, pamoja na waongozaji wa safari Harry Manning na Fred Noonan. Mantz alibaki Hawaii, na wakati Earhart akijaribu kupaa kuendelea na safari Machi 20, ndege iliyumba, ikaharibika na kurudishwa California kwa matengenezo.

Jaribio la pili lilianza bila Mantz kuwa na taarifa. Alikuwa mbali katika mashindano ya sarakasi za angani wakati Earhart na Noonan walipoondoka, ilhali yeye aliona kuwa bado kulikuwa na mambo ya kukamilisha, hususan vifaa vya mawasiliano ya redio. Safari hiyo ilipita Amerika ya Kusini, ikavuka Atlantiki hadi Afrika ya Magharibi, ikakatiza bara la Afrika kupitia Khartoum hadi Bahari ya Shamu, kisha ikaelekea Asia. Julai 2, 1937, ndege ya Earhart ilipotea katika Bahari ya Pasifiki karibu na kisiwa cha Howland. Mantz aliishi miaka 28 zaidi akijua kuwa orodha yake ya matayarisho ilikuwa haijakamilika siku ile mwanafunzi wake alipoondoka.

Vita na ununuzi wa ndege 475

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoifikia Marekani, jeshi lililomfukuza lilimhitaji. Mantz alitumikia katika kikosi maalumu cha kutengeneza filamu za mafunzo ya kijeshi kilichokuwa na makao yake Culver City, California, na akawa mmoja wa makamanda wake. Miongoni mwa waliotumikia katika kikosi hicho ni mwigizaji Ronald Reagan, ambaye baadaye alikuja kuwa Rais wa Marekani.

Vita ilipomalizika, Serikali ya Marekani ilikuwa na maelfu ya ndege zisizohitajika tena. Ziliegeshwa katika viwanja vya mbali zikisubiri kuyeyushwa kuwa vyuma. Katika uwanja wa Stillwater, Oklahoma, Mantz alinunua kwa mkupuo ndege 475, zikiwemo za kivita na za kudondosha mabomu, kwa takriban Dola za Marekani 55,000. Watu walitania kuwa raia huyo mmoja alikuwa na jeshi la anga kubwa kuliko ya nchi nyingi. Husimuliwa pia kuwa mafuta yaliyokuwa yamebaki ndani ya matangi ya ndege hizo yalimrudishia sehemu nzuri ya fedha zake.

Ununuzi huo unaonesha sura mbili za Mantz. Alikuwa mfanyabiashara, kwa hiyo ndege nyingi kati ya hizo ziliuzwa kama vyuma chakavu na hazikuonekana tena. Lakini chache alizozichagua kwa ajili ya filamu na mashindano ziliokoka tanuri, na baadhi yake zipo hadi leo. Laiti asingekuwa na kazi ya kuzipa, nazo zingeyeyushwa kama zilivyoyeyushwa ndege nyingine nyingi za aina yake.

Mbili kati ya alizozibakiza zilikuwa ni ndege za kivita aina ya P-51C Mustang. Alizifanyia mabadiliko kwa kugeuza sehemu ya ndani ya mabawa kuwa matangi, ili ziweze kuvuka bara la Amerika bila kutua kuongeza mafuta. Akiwa na ndege nyekundu iliyosajiliwa kwa namba N1202, alishinda mashindano ya Bendix ya mwaka 1946 kutoka California hadi Cleveland, Ohio, kwa mwendo wa wastani wa takriban kilomita 700 kwa saa. Alishinda tena mwaka 1947 na mwaka 1948. Hakuna mwingine aliyewahi kushinda mashindano hayo mara tatu mfululizo.

Kazi ya filamu nayo iliendelea. Kwa ajili ya filamu ya Twelve O'Clock High ya mwaka 1949, Mantz aliirusha ndege kubwa ya kudondosha mabomu aina ya B-17 akiwa peke yake na kuitua kwa tumbo, bila magurudumu, mbele ya kamera. Ndege hiyo kwa kawaida huhitaji marubani wawili. Alilipwa Dola za Marekani 4,500 kwa kazi iliyodumu dakika chache. Baadaye aliigeuza ndege aina ya B-25 kuwa jukwaa la kamera, na kwa ndege hiyo zikapatikana picha za angani zilizowashangaza watazamaji wa Cinerama kuanzia mwaka 1952. Vilevile alisimamia urukaji katika filamu ya mwaka 1957 kuhusu safari ya Charles Lindbergh ya kuvuka Atlantiki.

Ubia uliozaa makumbusho

Mwaka 1961 Mantz aliungana na aliyekuwa mshindani wake katika kazi, Frank Tallman. Tallman, aliyezaliwa mwaka 1919, alikuwa rubani hodari na mkusanyaji wa ndege za zamani, hasa zile za Vita Kuu ya Kwanza. Mantz alikuwa na ndege za kamera, uzoefu na jina. Waliunganisha hata majina yao, na kampuni yao ikaitwa Tallmantz Aviation, ikiwa na makao yake katika uwanja wa Kaunti ya Orange.

Kutokana na ubia huo, Desemba 1963 yalifunguliwa makumbusho ya Movieland of the Air. Wazo lake lilikuwa rahisi. Ndege ambazo zingekaa bila kazi baina ya filamu moja na nyingine ziliwekwa mahali ambapo wananchi wangelipa kiingilio na kuzitazama. Aidha, nyingi kati yake zilikuwa zikiruka, jambo lililoyatofautisha makumbusho hayo na mengine mengi. Mgeni angeweza kuiona ndege ya mbao na kitambaa ikiwa imesimama ndani ya banda, na siku nyingine akaisikia injini yake ikinguruma nje.

Hata hivyo, tangu mwanzo makumbusho hayo yalibeba udhaifu wake ndani yake. Hayakuwa ya umma wala ya taasisi yenye mfuko wa kuyalinda. Ndege zile zilikuwa ni vitendea kazi na mtaji wa watu wawili, na uhai wa makumbusho ulitegemea uhai wa watu hao na kazi zao.

Julai 8, 1965

Mwaka 1965 kampuni ya Tallmantz ilipata kazi katika filamu ya The Flight of the Phoenix iliyoongozwa na Robert Aldrich, huku mwigizaji mkuu akiwa James Stewart. Hadithi yake inahusu watu walioanguka na ndege jangwani na kuunda ndege mpya kutokana na mabaki ya ile iliyoharibika. Ilihitajika ndege itakayoonekana kama imeungwaungwa kwa mabaki, lakini iruke kweli. Ndege hiyo ilisanifiwa na Otto Timm, mmoja wa wakongwe wa usanifu wa ndege, na kujengwa na Tallmantz.

Aliyepangwa kuirusha alikuwa ni Tallman. Siku chache kabla, alianguka nyumbani akimsukumia mwanawe gari dogo la kuchezea na kuvunjika goti. Mantz, aliyekuwa na umri wa miaka 61, alichukua nafasi yake.

Asubuhi ya Julai 8, 1965, katika bonde la Buttercup lililopo jangwani magharibi mwa Yuma, Mantz aliruka akiwa na Bobby Rose, mwigizaji wa matukio ya hatari aliyesimama nyuma yake. Baada ya picha ya kwanza ilihitajika nyingine. Ndege ilishuka hadi kugusa mchanga, ikakwaruza kichuguu kidogo, na Mantz alipoongeza nguvu ya injini ili kuinuka, kiwiliwili cha ndege kilikatika nyuma ya sehemu ya rubani. Ndege ilipinduka kwa pua. Mantz alifariki papo hapo, na Rose alijeruhiwa vibaya lakini alinusurika.

Taarifa ya uchunguzi ya mamlaka ya usafiri wa anga ilitaja kuwa Mantz alikuwa ametumia kilevi kabla ya kuruka, na kwamba hali hiyo ilichangia ajali. Kwa mtu aliyejenga jina lake juu ya umakini, hilo lilikuwa ni jambo zito kwa waliomfahamu. Ukweli mwingine nao haupaswi kusahauliwa, kwamba ndege aliyopewa ilikuwa ni ya kipekee, isiyo na ndugu, iliyojengwa kwa ajili ya kuonekana dhaifu. Filamu ilikamilishwa kwa msaada wa ndege nyingine aina ya O-47 iliyotolewa na makumbusho mengine ya California, na ilipotoka ilihitimishwa kwa maneno ya kumuenzi marehemu. Mantz alizikwa katika makaburi ya Forest Lawn, Hollywood Hills.

Mnada

Goti la Tallman lilipata maambukizi, na muda mfupi baada ya kumzika mbia wake alikatwa mguu. Ndani ya majira mamoja, kampuni ilimpoteza mwasisi mmoja na mwingine akabaki mlemavu. Tallman hakukata tamaa. Alijifunza upya kuruka kwa mguu mmoja na kurudi angani. Lakini mzigo wa kifedha ulikuwa mkubwa, na mwaka 1966 sehemu kubwa ya ndege za makumbusho iliuzwa kwa kampuni ya magari ya Rosen-Novak ya Omaha, Nebraska.

Kwa muda ndege hizo ziliendelea kukaa palepale, na mgeni wa kawaida asingejua kuwa zimebadili mwenyewe. Ndipo ikafika Mei 29, 1968. Siku hiyo nyumba ya mnada ya Parke-Bernet, iliyozoeleka kwa kuuza michoro na vitu vya thamani, iliendesha mnada wa ndege za zamani katika uwanja wa Kaunti ya Orange. Moja baada ya nyingine, zikatajiwa bei na kupata wenyewe wapya.

Tallman aliendelea na kazi na makumbusho yakabaki wazi kwa kiwango kidogo. Mwaka 1967 alikuwa ameijenga na kuirusha ndege iliyofanana na ile ya Lindbergh katika anga ya Paris, kuadhimisha miaka 40 ya safari ile. Kwa ajili ya filamu ya Catch-22 alikusanya ndege 18 aina ya B-25 na kuzipeleka Guaymas, Mexico, nyingi zikiwa zimefufuliwa kutoka viwanja zilikokuwa zimetelekezwa. Aprili 15, 1978, zikiwa zimebaki siku mbili atimize miaka 59, Tallman alikuwa akisafiri peke yake kutoka Santa Monica kwenda Phoenix katika hali mbaya ya hewa. Haikuwa safari ya filamu wala mchezo wa hatari, bali safari ya kawaida tu. Ndege yake iligonga mlima Santiago, na mwasisi wa pili naye akaondoka.

Kampuni ilidumu kwa miaka mingine michache. Mwaka 1985 milango ya Movieland of the Air ilifungwa, na ndege zilizobaki zilinunuliwa na Kermit Weeks, mkusanyaji wa ndege za zamani wa Florida.

Ndege zilikokwenda

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa bahati, ndege zina daftari lake. Kila moja hubeba namba ya usajili na namba ya kiwandani, na kwa kufuata namba hizo inawezekana kujua kilichozipata baadhi ya ndege za Mantz.

Mustang nyekundu N1202 haikufika kwenye makumbusho yake. Mantz aliiuza kwa rubani Charles Blair, aliyeipa jina la Excalibur III. Januari 31, 1951, Blair aliruka nayo kutoka New York hadi London kwa saa 7 na dakika 48, na Mei 29 mwaka huohuo akaruka peke yake kutoka Norway hadi Alaska kwa kupita juu ya Ncha ya Kaskazini. Leo ndege hiyo ni mali ya Taasisi ya Smithsonian na huoneshwa katika Kituo cha Udvar-Hazy, Virginia. Ilipata ulinzi wa taifa zima, nayo ndiyo iliyo salama kuliko zote.

Mustang ya pili, N1204, ilipita mikononi mwa watu mbalimbali hadi kufika kwa Weeks. Ilikarabatiwa na kupakwa rangi za kikosi cha marubani Wamarekani weusi wa Tuskegee, waliopigana vita huku nchi yao ikiwa bado inawabagua. Hivyo ndege iliyowahi kushindania zawadi sasa inabeba kumbukumbu ya watu ambao kwa muda mrefu hawakupewa heshima waliyostahili.

Ndege aina ya Lockheed Orion, ambayo awali ilirushwa na Jimmy Doolittle na kisha Mantz akaishindania Bendix ya mwaka 1938 na 1939, ilisafiri mbali zaidi. Katika miaka ya 1970 ilinunuliwa na shirika la ndege la Uswisi, Swissair, lililowahi kutumia ndege za aina hiyo miaka ya 1930. Ilikarabatiwa, ikapakwa rangi za shirika hilo na kuwekwa katika Makumbusho ya Usafiri ya Uswisi mjini Lucerne.

Si zote zilizopata hifadhi. Ndege ya Tallman iliyofanana na ya Lindbergh ilinunuliwa na makumbusho ya anga ya San Diego, ikateketea mwaka 1978 pamoja na jengo lilipochomwa moto. Baadhi ya ndege zilizouzwa katika mnada wa 1968 zilikwenda katika makumbusho ya Wings and Wheels, ambayo nayo yalifungwa huko Orlando na ndege zake kupigwa mnada mwaka 1981. Kwa ndege hizo ilikuwa ni mara ya pili kupoteza nyumba.

Hata zile zilizokwenda kwa Weeks hazikupata utulivu mara moja. Agosti 1992 kimbunga Andrew kiliyapiga makumbusho yake ya Miami na kuharibu ndege nyingi. Weeks alijenga makumbusho mapya, Fantasy of Flight, huko Polk City, yaliyofunguliwa mwaka 1995. Mwaka 2014 nayo yaliacha kupokea wageni kwa utaratibu wa kila siku, na baadaye yakafunguliwa kwa kiwango kidogo.

Kilichobaki

Mantz hakukusudia kuwa mhifadhi wa historia. Alibakiza ndege kwa sababu zilimpatia riziki, na akaziuza pale zilipoacha kumpatia. Pamoja na hayo, ndege alizozipa kazi zilidumu, na zile alizoziuza kama vyuma chakavu hazipo tena. Urithi wa mtu binafsi, hata ukilindwa kwa mapenzi makubwa kiasi gani, huishi kwa kadiri ya umri wa mwenyewe, isipokuwa pale taasisi inapoupokea kabla hajaondoka. Mustang nyekundu ilipata taasisi hiyo miaka mingi kabla ya kifo cha Mantz, ndege nyingine zikabaki kusubiri mnada.

Katika uwanja wa Kaunti ya Orange, ndege za abiria hupaa na kutua mchana kutwa mahali ambapo mafundi wa Tallmantz walikuwa wakizungusha mapangaboi kwa mikono ili kuwasha injini za mwaka 1917. Mamia ya kilomita kutoka hapo, katika bonde la Buttercup, upepo ulikwishafuta zamani alama za magurudumu katika mchanga. Kilichobaki cha asubuhi ile ni sekunde chache za filamu, zinazoonesha ndege ikishuka taratibu kuelekea ardhini huku rubani wake akiitafuta picha ya pili.